Siku saba za kutafuta vilabu vilivyozikwa

Siku ya kwanza: Charlestown

Tumetoka Worcester, Massachusetts, kabla jua halijachomoza, mimi na mpwa wangu, na chupa ya chai ya tangawizi, na maandazi ya jana. Yeye anasoma uhasibu na yuko likizo; mimi nimeomba wiki moja kazini. Tulipoingia barabara kuu akaniuliza kwa mara ya tatu.

"Anko, kwa hiyo kweli tunakwenda kuangalia baa ambazo hazipo?"

"Hazipo juu," nikamjibu. "Chini zipo."

Sababu yenyewe ni mama yangu, bibi yake. Kwa karibu miaka 30 aliuza pombe ya mbege Kibosho, Kilimanjaro, uani kwetu. Sisi watoto wote tumesomeshwa na ndizi mbivu na ulezi. Nyumba ile ilishabomolewa, kaka amejenga nyingine ya tofali, na nilipokwenda likizo ya mwisho nilisimama uani kutafuta alama yoyote. Migomba, kuku, tangi la maji, basi. Nikamwambia mtoto wa jirani hapa palikuwa kilabu, akacheka akidhani namtania. Niliporudi huku ndipo nikasoma kwamba wako watu huchimba kiwanja kitupu, wakahesabu vigae na vipande vya chupa, wakasema: miaka 300 iliyopita hapa waliuza pombe. Nikataka kujua wanajuaje.

Nitasema kilabu, ingawa nyumba hizi za wakoloni wa Kiingereza na Kiholanzi huku Marekani zilikuwa zaidi ya hapo. Ulikunywa, ulikula, farasi wako alilishwa, ukalala (mara nyingi kitanda kimoja na mtu usiyemjua), ukasikia habari, ukafanya biashara, na mahali pengine kesi zilisikilizwa humohumo. Gesti, baa, mgahawa na kijiwe chini ya paa moja.

Kituo cha kwanza ni City Square, Charlestown, ng'ambo ya mto kutoka Boston ya katikati. Ni bustani ndogo yenye magari pande zote, na kwenye majani kuna mistari ya mawe inayoonyesha msingi wa nyumba. Nyumba hiyo ilijengwa 1629 kwa ajili ya gavana John Winthrop na wenzake. Mwaka 1635 Robert Long akaigeuza kilabu, ikajulikana kwa jina la Three Cranes Tavern. Ikauza pombe miaka 140, mpaka tarehe 17 Juni 1775, siku ya vita vya Bunker Hill, Waingereza walipouchoma mji wote wa Charlestown. Miaka ya 1980, kabla ya barabara kuu ya Boston kuzamishwa chini ya ardhi, wanaakiolojia wakachimba hapa na kukuta misingi, maghala ya chini na vyoo vya shimo vilivyojaa vyombo vilivyovunjika.

Mpwa wangu alizunguka msingi mara mbili akihesabu hatua. "Lakini hawa hawakugundua kitu," akasema. "Walikuwa na karatasi tayari."

Ni kweli. Hati ya nyumba ipo, jina la mwenye nyumba lipo, siku ya moto ipo. Hapa vigae vinajazia tu. Nilikuwa nataka mahali ambapo vigae ndivyo vinavyotoa ushahidi wenyewe, na ndiyo maana kesho tunakwenda mchangani.

Siku ya pili: Wellfleet

Cape Cod ni mkono mwembamba wa mchanga uliojikunja kuingia baharini, na Wellfleet iko karibu na kiganja. Great Island ilikuwa kisiwa kweli. Sasa mchanga umeiunganisha na bara. Unaacha gari, unatembea kando ya kinamasi, na maji yakijaa sehemu ya njia inazama. Hakuna aliyetuonya kuhusu pange. Huku wana macho ya kijani na wanauma kupitia soksi. Mpwa wangu alijifunga taulo kichwani na hakuongea na mimi kwa nusu saa.

Ukifika juu, kwenye misonobari, kuna uwazi na kibao. Hakuna kingine. Mahali hapa palichimbwa 1969 na 1970 na kikosi cha James Deetz na Eric Ekholm. Walitoa vitu zaidi ya 24,000. Wenyeji walikuwa wakisimulia kwamba mtu aitwaye Samuel Smith aliuza pombe hapa kwa wavuvi wa nyangumi, na kwamba aliweka kibao cha mashairi kuwaelekeza wateja. Hadithi, basi, ilikuwepo. Lakini hadithi si risiti. Mahali kama hapa pangeweza kuwa nyumba ya mtu tu, au kambi ya wavuvi. Walikuta hata pingili ya uti wa mgongo wa nyangumi iliyotumika kama gogo la kukatia.

Hapa ndipo nilipopata nilichokifuata. Mwaka 1981 Kathleen Bragdon alichukua vitu vya Wellfleet akavilinganisha na vya nyumba ya mkulima, Joseph Howland, wa Kingston, Massachusetts. Akalinganisha pia na orodha za mirathi: mtu alipokufa, mahakama ilituma watu kuandika kila alichoacha, kuanzia ng'ombe mpaka kijiko, kwa hiyo tunajua wenye vilabu walimiliki nini na wakulima walimiliki nini. Kwa Howland, vilivyotawala ni vyombo vya maziwa, yale mabakuli mapana ya udongo mwekundu ya kutulizia maziwa mpaka malai ielee juu. Kwa Wellfleet, vyombo vyenyewe ni vingi mno, na sehemu kubwa ni vya kunywea: vikombe na magi za delft, ule udongo wenye glezi nyeupe, na za udongo mgumu wa kijivu na bluu kutoka Ujerumani. Juu ya hapo kuna bilauri nyingi za mvinyo, vyombo vya kioo ambavyo nyumba ya kawaida haina kazi navyo, na vipande vya viko visivyo na hesabu.

Nikamsomea mpwa wangu haya tukiwa tumekaa kwenye gogo. Ni hapo aliposhusha taulo.

"Kumbe ni ukaguzi wa stoo," akasema.

"Kivipi?"

"Nyumbani kuna sukari, dukani kuna sukari. Huwezi kusema hili ni duka kwa sababu umekuta sukari. Unaangalia kiasi, na unaangalia kuna nini pembeni yake."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu jambo hili na hakuna aliyeniwekea wazi hivyo. Hakuna chombo kinachosema "mimi ni wa kilabu". Mkulima naye alikuwa na kiko, naye alikuwa na kikombe cha bia; bia nyepesi walikunywa hata na kifungua kinywa. Tofauti ni uwiano. Ukikuta vikombe 40 na bakuli moja la maziwa, ujue maziwa hayakuwa biashara ya nyumba ile.

Kilabu cha Wellfleet kilifanya kazi tangu 1690 hivi mpaka 1740 hivi. Nyangumi walipoadimika karibu na pwani, wateja nao wakaadimika.

Siku ya tatu: viko asubuhi, New York jioni

Njiani tulipita mji mmoja wa Rhode Island kumwona rafiki, dada kutoka Kisumu, anayejitolea kuosha na kupanga vigae katika maabara ndogo. Alitutandikia trei ya mirija ya viko. Ni vijiti vyeupe vya udongo, urefu wa kidole. "Wageni wengi hufikiri ni mifupa ya kuku," akatuambia.

Kiko cha udongo kilikuwa bei rahisi na chepesi kuvunjika, kwa hiyo kilivutwa leo, kikavunjika kesho, kikatupwa. Kwa mchimbaji hiyo ni bahati kubwa: kitu kinachotumika muda mfupi kinaonyesha tarehe vizuri kuliko sinia la urithi lililokaa kabatini miaka 60. Na tundu la mrija lilikuwa likipungua kadiri miaka ilivyokwenda, kwa sababu mirija ilirefushwa na waya wa kutobolea ukawa mwembamba zaidi. J. C. Harrington aliligundua hilo akalitangaza 1954. Alipima matundu kwa biti za drili, zile za kawaida za dukani, kwa kipimo cha inchi iliyogawanywa mara 64. Tundu la 8 ni la kati ya 1620 na 1650. La 5 ni nusu ya kwanza ya karne ya 18. La 4 ni baada ya 1750. Baadaye Lewis Binford akaligeuza hilo kuwa hesabu moja: chukua wastani wa matundu, zidisha kwa 38.26, toa jibu kutoka 1931.85.

Dada akampa mpwa wangu biti na mirija 20. Alipima akiwa ametoa ulimi nje kidogo, kama alivyokuwa akifanya darasa la pili. Mirija 16 ilikuwa ya 5, minne ya 6. Wastani 5.2. Akapiga hesabu kwenye simu: 1733.

"Nani alikuwa anavuta hiki 1733?" akauliza, akikiinua kimoja kwenye mwanga.

"Huyo hatumjui," dada akasema. "Tunajua tu alikuwa na wenzake wengi."

Akaongeza onyo. Hesabu hii inataka vipande vingi, na haiko sawa kwa miaka ya mwanzo wala baada ya 1780 hivi. Vipande vitatu havikupi tarehe, vinakupa ubishi.

New York tumefika jioni, na kuegesha gari kumetugharimu kuliko chakula cha siku mbili. Kwenye 85 Broad Street, chini ya jengo refu la ofisi, kuna vioo vizito vimewekwa ardhini. Ukiinama unaona kuta za mawe na kisima. Watu wanapita juu na viatu vya ofisini, wachache wanatazama chini. Kioo kimoja kilikuwa na umande kwa ndani, tukaona ukungu mtupu.

Hiki ni kilabu cha Lovelace, kilichojengwa 1670 na gavana Francis Lovelace na kuungua 1706. Wachimbaji wakiongozwa na Nan Rothschild na Diana Wall walikuja 1979 wakitafuta jirani yake, Stadt Huys, jumba la mji la Waholanzi. Wakakuta kilabu. Stadt Huys lenyewe lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1640 kama kilabu na gesti, likafanywa jumba la mji 1653. Na lilipochakaa, kuanzia 1697 madiwani wakahamia kufanyia vikao kilabuni kwa Lovelace, mlango wa pili.

"Kwa hiyo serikali ilitoka baa, ikarudi baa," mpwa wangu akasema.

Rothschild na Wall walichukua vitu vya hapa wakaviweka kando ya vya Wellfleet, vya Jamestown, Virginia, na vya kilabu kimoja cha Pemaquid, Maine. Vilabu vinne, na havikufanana. Cha mjini kilijaa viko na vyombo vya kunywea: watu walikuja kukaa, kuvuta, kupiga soga na kwenda kulala kwao. Cha shamba kilikuwa na vyombo zaidi vya kupika na kula, kwa sababu mteja alikuwa msafiri na alihitaji chakula na kitanda. Ndiyo yaleyale ya kwetu. Kijiwe cha kahawa cha Kariakoo na mgahawa wa stendi ya Korogwe vyote vinauza chai, lakini takataka zao hazilingani.

Siku ya nne: Philadelphia

Kwenye kona ya barabara za Third na Chestnut kuna Museum of the American Revolution, lililofunguliwa Aprili 2017. Kabla ya kumwaga zege, 2014, kikosi cha Rebecca Yamin kilichimba kiwanja na kukuta vyoo vya shimo na visima vya karne ya 18 na 19. Vitu zaidi ya 80,000 vilitoka, vingi kwenye vyoo. Choo cha shimo ndicho kabati la kweli la mji wa zamani. Kilichovunjika kilitupwa humo, kilichotakiwa kufichwa kilitupwa humo, na hakuna aliyerudi kukichukua.

Choo kimoja kilikuwa nyuma ya nyumba ya Benjamin na Mary Humphreys. Humo kulikuwa na mabakuli ya panchi, magi za bia, chupa za mvinyo, bilauri, viko. Ukiyasoma kwa jicho la Bragdon, jibu ni moja: kilabu. Lakini Humphreys hawakuwa na leseni. Ndipo wakaangalia kumbukumbu za mahakama, na Mary yupo: alikamatwa 1783 kwa kuendesha nyumba ya fujo. Kwa Kiswahili cha mtaani tuna neno linalotosha kabisa. Baa bubu.

Nilisimama muda mrefu mbele ya bakuli moja. Ni delft, limetengenezwa Liverpool, limeunganishwa vipande kwa vipande, na ndani limechorwa meli na maneno ya kuitakia heri meli ya Triphena. Meli hiyo ilikuwa ikisafiri kati ya Liverpool na Philadelphia, na mwaka 1765 ilibeba barua ya wafanyabiashara wa mji wakilalamikia kodi ya stempu. Bakuli la panchi halikuwa chombo cha mtu mmoja. Ramu, maji, sukari, limau na viungo vilichanganywa humo, na mara nyingi bakuli lenyewe lilipitishwa mkono kwa mkono. Ukifika chini unaiona meli. Karibu nalo kuna kipande cha kioo cha dirisha kilichokwaruzwa herufi za majina na maneno. Mtu alikaa pale, akachoka au akalewa, akaandika.

Kinachonikera, na nitakisema, ni kwamba Mary tunamjua kwa sababu walimkamata. Mwanamke aliyeuza kimyakimya miaka 20 bila kugombana na mtu hana mstari hata mmoja.

Saa sita mchana, ambayo kule ni saa moja jioni, nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmekula?"

Hilo swali halikwepeki. Nilipomaliza kueleza tumekula nini, nikamuuliza: mtu akichimba uani kwetu, atajuaje uliuza mbege?

Akacheka sana. Kisha akanyamaza, nikajua anaitembelea nyumba kichwani. Kata na vibuyu, akasema, vimeoza au vimechomwa kuni. Makopo ya plastiki yaliyokuja baadaye aliyagawa. Mabenchi yalikuwa magogo. Daftari la madeni alilichoma mwenyewe alipoacha biashara, "ili nisichukie watu kanisani."

"Basi hakuna kitu, mama?"

"Kuna meko. Sisi watu saba hatukuwa na sufuria ya kutaka mawe yale. Pale nilichemsha ndizi kwa pipa. Majivu yake chungu nzima nilimwaga nyuma ya choo. Na pale walipokaa wanywaji, jembe haliingii mpaka leo. Muulize kaka yako kwa nini mahindi yake pale ni mafupi."

Mpwa wangu alikuwa anasikiliza kwa spika. "Bibi, na wewe ulikuwa na leseni?"

"Miaka mingine," akajibu, akaaga.

Siku ya tano: barabarani

Mvua kutoka asubuhi. Tulisimama London Town, Edgewater, Maryland, kando ya South River, tukiwa na mwavuli mmoja. Mji huu wa bandari ulikufa karne ya 18, ukafukuliwa na wanaakiolojia wa kaunti. Kwenye ghala la chini la kilabu cha Edward Rumney walikuta taka za robo ya kwanza ya karne hiyo: sahani na mabakuli ya delft, viko, chupa, mifupa ya nyama. Mvua haikutupa nafasi zaidi. Tukaendelea mpaka Williamsburg, Virginia, tukalala gesti iliyonuka dawa ya mbu.

Siku ya sita: Williamsburg

Huu ni mji uliorudishwa karne ya 18 kwa makusudi: farasi, wahunzi, watu waliovaa nguo za zamani. Raleigh Tavern unayoiona leo ilijengwa upya 1932 juu ya msingi uliofukuliwa. Ya kwanza iliungua 1859. Wetherburn's, hatua chache kutoka hapo, ni nyumba yenyewe, mbao zake nyingi ni zilezile.

Mwenye kilabu hicho, Henry Wetherburn, alikufa 1760, na orodha ya mali yake imeandikwa chumba kwa chumba. Vitanda, viti, meza, bakuli, vijiko. Miaka ya 1960 Ivor Noël Hume akachimba uani, na hapo orodha na udongo vikaanza kujibizana: hiki kipo kwenye karatasi na ardhini, hiki ardhini tu. Cha ardhini tu kinachonifurahisha ni chupa za mvinyo zilizofukiwa zikiwa zimejaa cheri. Mtu alizihifadhi ardhini ziwe baridi, au kwa ajili ya sherehe fulani, halafu hakuzirudia. Hakuna karani ambaye angeziandika, kwa sababu hakuna aliyejua ziko wapi isipokuwa aliyezifukia.

Na karibu hakika aliyezifukia alikuwa mtumwa. Wapishi, wafuaji, wahudumu wa farasi, waliobeba maji na kuosha bakuli, wamo kwenye orodha ileile ya mali, majina na bei, karibu na ng'ombe. Sukari ya panchi na ramu yake vilitoka kwenye mashamba ya Karibi, nako mikono ni hiyohiyo. Unaweza kuhesabu bakuli zote za Virginia usipate kigae kinachokuambia nani aliziosha. Mwongozaji aliligusa hili kwa sentensi mbili, akaendelea na viti.

Kisa cha Wetherburn kinachosimuliwa sana ni cha 1736, alipokuwa bado akiendesha Raleigh. William Randolph alimpa rafiki yake Peter Jefferson, aliyekuja kuwa baba wa rais Thomas Jefferson, ekari 200, na hati ikataja malipo: bakuli kubwa kuliko yote la Henry Wetherburn la panchi ya araki. Nilipolisikia neno nikageuka. Araki! Kinywaji hiki kilikenekwa Asia kwa tembo la mnazi au kwa mchele, kikasafirishwa, na neno lenyewe ni la Kiarabu, lilelile ambalo Pwani yetu imelitumia tangu zamani kwa pombe kali ya kukeneka. Nimetembea maili zote hizi kukuta neno la Mombasa kwenye hati ya shamba Virginia.

"Ekari 200 kwa bakuli," mpwa wangu akasema. "Huyo mhasibu wake alikuwa wapi?"

Siku ya saba: Brunswick Town

Saa tano za kuendesha kuelekea kusini, mpaka kwenye ukingo wa mto Cape Fear, North Carolina. Mji wa Brunswick ulianzishwa 1726, Waingereza wakauchoma 1776, ukaachwa. Zimebaki kuta za kanisa la St. Philip's na misingi chini ya mialoni. Stanley South alichimba hapa kuanzia 1958, na vigae vya mji huu ndivyo vilivyomfundisha kupata tarehe ya mahali kwa wastani wa umri wa vyombo vyake. Kwa watu wa kazi hii, hapa ni kama madrasa.

Lakini tulikuja kwa jengo ambalo South hakuliona. Halimo hata kwenye ramani ya mji ya Claude Sauthier ya 1769. Lilionekana kwa rada inayopenya ardhi, na Charles Ewen na wanafunzi wa East Carolina University wakalifukua. Liliungua likaanguka, na kuta zikafunika kila kilichokuwa chini ya sakafu. Koki ya shaba ya pipa. Viko ambavyo havijavutwa. Magi na bilauri zilizovunjika, chupa ya mvinyo iliyopondeka. Nusu peni ya Ireland ya 1766. Kito cha kifungo cha mkono wa shati kilichoandikwa "Wilkes and Liberty 45", kaulimbiu ya waliomuunga mkono John Wilkes, mwanasiasa wa London aliyemshambulia mfalme katika toleo la 45 la gazeti lake, 1763. Sarafu inasema moto ulikuja baada ya 1766. Ramani inasema kabla ya 1769. Mpwa wangu alilipata hilo kabla sijamaliza sentensi.

Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta: hakuna jina la mwenye nyumba, hakuna hadithi ya kijiji, hakuna ramani. Na koki ile ya pipa ndiyo inayokaribia zaidi kitu kinachojitangaza, ingawa hata hiyo peke yake isingetosha.

Halafu kuna pini. Pini za nguo, tondoo za kushonea, vifungo. Wapo waliodokeza kwamba huenda palikuwa na biashara nyingine ya usiku pia. Mimi nina shaka. Pini huanguka kwenye nafasi za mbao, popote mtu anaposhona. Kilabu kina saa ndefu zisizo na wateja, na mwenye kukaa mlangoni akingoja wateja hakai mikono mitupu.

Nikamwambia mpwa wangu hivyo. Akatoa simu bila kunijibu, akatembea mpaka kwenye kivuli cha mwaloni, akampigia bibi yake. Kule ilikuwa karibu saa nne usiku, na alikuwa bado macho.

"Shikamoo Bibi. Ile cherehani yako, ukiwa unauza mbege ulikuwa unaiweka wapi?"

Sikusikia jibu. Nilimwona akichuchumaa, akaokota kijiti, akachora mraba kwenye mchanga, akaweka mlango upande wa mashariki. Akasikiliza kidogo. Akaufuta, akauweka upande wa migomba.